Kutuza na Kutunza: Historia ya Zawadi na Ufadhili wa Wanafunzi wa Sanaa kutoka Slade hadi Makerere

Utangulizi

Shule yoyote ya sanaa huwa na siku yake ya kusoma majina. Kazi za wanafunzi hutundikwa ukutani, wageni hualikwa, na mkuu wa shule husimama kutangaza nani amepata zawadi ya uchoraji, nani ya uchongaji, na nani amefadhiliwa kwenda kusoma zaidi ng'ambo. Makofi yakishatulia, orodha hiyo hutiwa katika faili na kusahauliwa. Wahakiki wa fasihi hawajazoea kuishughulikia, kwa kuwa huhesabiwa kuwa ni jambo la utawala na wala si la sanaa.

Makala haya yanapinga mazoea hayo. Orodha ya waliotuzwa ni matini yenye msimulizi, hadhira na itikadi. Husimulia nani ni msanii, huamua nani atakumbukwa na, kwa kunyamaza, humfuta asiyetajwa. Ili kulithibitisha dai hilo, makala yanafuatilia historia moja mahususi, yaani safari ya desturi ya kutuza wanafunzi kutoka Slade School of Fine Art ya London hadi shule ya sanaa ya Makerere, Kampala, na yale waliyoyafanya wanafunzi wa Afrika Mashariki waliopitia njia hiyo. Historia hiyo inamhusu mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, picha nyingi zilizotuzwa zilizaliwa na masimulizi. Pili, suala la tuzo hutolewa kwa lugha ya nani limeiandama fasihi yetu tangu enzi za ukoloni, wala halijapata ufumbuzi.

Dhana ya tuzo katika Kiswahili

Kabla ya kuingia katika historia, inafaa kulipima neno lenyewe. Nomino 'tuzo' inatokana na kitenzi 'kutuza', yaani kumpa mtu zawadi kwa ajili ya tendo jema, hasa mtu aliyecheza, aliyeimba au aliyetunga vizuri. Katika ngoma na taarabu, aliyependezwa huinuka mahali alipoketi, akamwendea mwimbaji na kumpa pesa hadharani. Kitendo hicho huitwa kutuza, na aghalabu huitwa pia kutunza. Kwamba watumiaji wa lugha wameyaweka maneno hayo mawili katika kitendo kimoja si jambo la kupita bure. Kutunza ni kulea, kuhifadhi, kukilinda kitu kisiharibike. Kwa mantiki hiyo, anayemtuza msanii hamalizi deni kwa kutoa zawadi. Amejitwika pia jukumu la kuitunza sanaa ile.

Neno 'ufadhili' nalo lina historia yake. Fadhili ni wema utokao kwa aliye nacho kwenda kwa asiye nacho, na katika wema huo daima pana daraja kati ya mkono utoao na mkono upokeao. Wahenga waliijua hatari ya pande zote mbili. Waliposema kuwa fadhila ya punda ni mateke, walikuwa wakimsemea mfadhili aliyeumia kwa kukosa shukrani. Waliposema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walikuwa wakimwonya msanii kwamba sifa zaweza kuishusha kazi yake. Methali hizi mbili zinaunda maswali mawili ya msingi. Mfadhili anatarajia nini kwa fadhila yake? Na mfadhiliwa anaifanya nini kazi yake baada ya kusifiwa?

Ifahamike pia kwamba zawadi ya jukwaani na zawadi ya shule hutofautiana kwa jambo moja kubwa. Ngomani, mtoaji na mpokeaji wanaonana, na kila aliyepo anaweza kutuza. Shuleni, hadhira hupiga makofi tu, na uamuzi umekwisha kufanywa na jopo la wachache. Mamlaka ya kusifu yamehamishwa kutoka kwa umma hadi kwa taasisi. Uhamisho huo ndio unaoifanya historia ya tuzo za shule istahili kuchunguzwa.

Slade: shule iliyozaliwa na wasia

Ulaya, kielelezo cha zamani cha tuzo ya shule ya sanaa ni ile ya Ufaransa iliyojulikana kama Prix de Rome, iliyoanzishwa mwaka 1663 katika utawala wa Mfalme Louis wa 14. Mshindi alipelekwa Roma kwa gharama ya dola akaishi na kujifunza huko kwa miaka kadhaa. Mashindano yalihusu mada zilizotolewa katika Biblia na katika visa vya Wayunani na Warumi. Ilikuwa tuzo ya dola, yenye kanuni za dola, na wanawake hawakuruhusiwa kushindana mpaka mwaka 1903. Ilidumu kwa karne tatu, ikafutwa mwaka 1968 baada ya maandamano ya wanafunzi wa Paris.

Slade ilizaliwa kwa njia nyingine. Felix Slade, Mwingereza mkusanyaji wa vitu vya sanaa, alifariki mwaka 1868 akaacha wasia wa kuanzisha nafasi za uprofesa wa sanaa katika vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge na London, pamoja na ufadhili wa wanafunzi sita katika University College London. Shule ilifunguliwa mwaka 1871. Kwa hiyo katika Slade ufadhili ulikuwa sehemu ya msingi wenyewe wa nyumba. Tangu siku ya kwanza shule hiyo ilipokea wanawake pamoja na wanaume. Kwa jambo hilo iliitangulia tuzo ya Wafaransa kwa zaidi ya miaka thelathini.

Zawadi iliyotukuka zaidi shuleni hapo ilikuwa ile ya utungaji wa picha iliyoshindaniwa wakati wa kiangazi. Mwaka 1898 ilitwaliwa na Augustus John kwa picha ya Musa na nyoka wa shaba, mwaka 1899 na William Orpen kwa picha ya tamthilia inayochezwa ndani ya tamthilia ya Hamlet, na mwaka 1912 na Stanley Spencer kwa picha ya kuzaliwa kwa Yesu. Mhakiki wa fasihi hawezi kuzitazama mada hizi tatu bila kugundua jambo. Zote ni matini. Mchoraji aliyetaka kutuzwa alitakiwa kuwa msomaji kwanza, aichukue hadithi ambayo kila mtu aliijua na kuisimulia upya kwa mstari na rangi. Hata neno 'utungaji' ni lile lile tulitumialo kwa shairi na kwa picha.

Aidha, ushindi wa Spencer unadokeza jambo litakalojirudia Afrika Mashariki. Spencer alizaliwa katika kijiji cha Cookham kando ya mto Thames, na katika picha yake kisa cha Bethlehemu kimewekwa katika mandhari ya kijiji hicho. Jopo lilimpa zawadi mwanafunzi aliyekileta kisa cha kigeni nyumbani kwao. Tangu mwaka 1897 picha zilizoshinda zilihifadhiwa na chuo, na mkusanyo huo upo hadi leo. Hapo ndipo kutuza kulipokuwa kutunza kwa maana kamili, kwani kazi ya mwanafunzi ilipata makao na vizazi vilivyofuata vikaweza kuirejea na kubishana nayo.

Kampala: simulizi iliyogeuka picha

Miongoni mwa waliosomea Slade katika miaka ya 1920 alikuwa Margaret Trowell. Baadaye alijifunza ualimu London, ambako aliathiriwa na Marion Richardson, mwalimu aliyewafundisha watoto kuchora kwa kuwaelezea mandhari kwa maneno huku wakiwa wamefumba macho, kisha kila mmoja akachora alichokiona moyoni. Trowell alikuja Kenya na mumewe, daktari Hugh Trowell, mwaka 1929, na mwaka 1935 wakahamia Uganda. Mwaka 1937 alianza kufundisha uchoraji katika baraza ya nyumba yao Kampala. Darasa hilo dogo ndilo lililokua likawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo baadaye ilipewa jina lake.

Mbinu aliyoichukua kwa Richardson ilipata ardhi yenye rutuba Afrika Mashariki. Trowell hakuwa na picha za Ulaya za kuwanakilisha wanafunzi, wala hakutaka kuwa nazo. Aliwasimulia kisa, cha Biblia au cha maisha ya vijijini, nao wakakichora. Wanafunzi hao walikuwa wametoka katika jamii ambazo simulizi ilikuwa ndiyo chuo cha kwanza. Kusikia na kuona moyoni ni hatua ileile anayoipitia msikilizaji wa ngano jioni mekoni. Kwa hiyo sanaa ya Makerere ilianza kama tawi la fasihi simulizi. Wahakiki waliozichambua picha hizo kwa vigezo vya rangi na umbo pekee waliipoteza nusu ya maana yake.

Mwaka 1938 kazi za wanafunzi hao zilionyeshwa Namirembe, Kampala, na mwaka 1939 zikasafirishwa hadi London na kuonyeshwa katika Imperial Institute. Maonyesho haya mawili yanaweza kusomwa kama sherehe za kwanza za wanafunzi wa sanaa wa Afrika Mashariki, lakini hadhira zake zilitofautiana sana. Namirembe watazamaji waliweza kuwatambua watu, mavazi na migomba iliyochorwa. London watazamaji waliingia katika jengo lililojengwa kwa ajili ya kuonyesha mali na mazao ya himaya. Kazi ileile iliyokuwa masimulizi ya nyumbani iligeuka kuwa ushahidi, ushahidi kwamba Mwafrika anafundishika na kwamba himaya inafundisha.

Ni rahisi kutoka hapo na kuhitimisha kuwa mradi mzima ulikuwa wa kikoloni na hauna la zaidi. Hitimisho hilo lingekuwa la haraka mno. Trowell alikuwa na mawazo ya ulezi yaliyokuwa ya kawaida kwa Wazungu wa wakati wake. Hata hivyo aliamini kwa dhati kuwa Afrika ina sanaa, katika wakati ambapo wengi wa rika lake hawakuamini hivyo, na aliandika juu ya sanaa za mikono za Uganda kwa uangalifu mkubwa. Swali linalofaa ni waliopokea fadhila hiyo waliifanya nini. Jibu lake halipatikani katika nia ya mfadhili. Linapatikana katika kazi za wafadhiliwa.

Waliokwenda na kurudi

Wa kwanza kutazamwa ni Gregory Maloba, aliyezaliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922. Alijiunga na Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1940, akajidhihirisha kuwa mchongaji hodari, akapelekwa Uingereza kwa masomo zaidi, kisha akarudi Makerere kufundisha. Kazi yake inayojulikana zaidi ni sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962, ya mama anayemnyanyua mtoto juu. Katikati ya miaka ya 1960 alihamia Chuo Kikuu cha Nairobi na kusaidia kujenga mafunzo ya usanifu huko. Katika maisha yake, ufadhili ulizunguka. Mwanafunzi aligeuka mwalimu, na Mkenya aliyelelewa Uganda akaipa Uganda alama ya uhuru wake kabla ya kurudi nyumbani kulea wengine. Waliotoa fadhila hawakuwa wameagiza sanamu ya kuwaaga.

Wa pili ni Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Baada ya Makerere aliingia Slade mwaka 1952, akamaliza mwaka 1955, na mwaka huohuo akafanya maonyesho katika Piccadilly Gallery, London. Hapa historia inakutana na mzaha wake. Trowell alikuwa ametoka Slade akaenda Afrika akiamini kuwa mwanafunzi wa Kiafrika asifundishwe kunakili namna ya Ulaya, na sasa mwanafunzi bora wa shule yake alizawadiwa nafasi ya kwenda palepale alipotoka mwalimu. Kama tuzo ina nguvu ya kumbadilisha msanii, basi ilipaswa kumbadilisha Ntiro.

Haikumbadilisha. Anayezitazama picha zake za kabla na za baada ya London huona ulimwengu uleule wa mashamba ya Uchagga, watu wadogo wengi wakifanya kazi kwa pamoja, miti na milima ikiwa imepangwa kwa mwendo kama wa wimbo wa kazi. Hana haja ya kivuli cha kitaaluma wala ya umbali uliopimwa. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika mkusanyo wa Museum of Modern Art, New York. Wapo waliomwona Ntiro kama mchoraji asiyekua. Lakini katika istilahi za fasihi simulizi anaeleweka kwa urahisi. Ni msimulizi anayezingatia fomula za utanzu wake, na urudiaji kwake ni mbinu. Mgema huyu alisifiwa Kampala, London na New York, wala tembo hakulitia maji. Mwaka 1961 nchi yake ilimteua kuwa Balozi wa Tanganyika mjini London, wadhifa alioushika hadi mwaka 1964. Alifariki mwaka 1993.

Wa tatu ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932, aliyesoma Makerere katika miaka ya 1950. Mwaka 1959 alichora ukutani, katika kanisa la kumbukumbu la Murang'a, visa vya maisha ya Yesu. Kristo ni Mwafrika, na vilima, mimea na watu ni wa nchi ya Wagikuyu. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, na kwa hiyo kuta hizo zilibeba mzigo mzito wa kisiasa. Bila ya kudai kuwa mmoja alimwiga mwingine, inafaa kukumbuka alichokifanya Spencer mwaka 1912. Wote wawili walikichukua kisa kilekile na kukipandikiza katika udongo wa kwao. Tofauti ni kwamba Spencer alihamisha kisa ndani ya utamaduni ulioamini kuwa kisa hicho ni chake. Njau alikihamisha kutoka kwa waliokileta hadi kwa waliokipokea, tena katika mahali ambapo wapokeaji walikuwa wamemwaga damu.

Mwaka 1965 Njau na wenzake, miongoni mwao mshairi Jonathan Kariara, walianzisha nyumba ya sanaa Nairobi wakaiita Paa ya Paa. Jina hilo ni utungo mfupi. 'Paa' ni mnyama wa mwituni mwenye mwendo mwepesi, 'kupaa' ni kwenda juu, na sikio la Mswahili halikosi kusikia pia paa la nyumba, lile linalowakinga waliomo. Mnyama, mwendo na makao vimo katika silabi chache. Ni muhimu kwamba waanzilishi wake, ambao wengi wao walikuwa wamesomeshwa kwa Kiingereza, walipotaka kutaja ndoto yao walichagua Kiswahili. Nyumba hiyo iliunguzwa na moto mwaka 1997 na kazi nyingi zikateketea. Kutunza, kama ilivyokwisha kuelezwa, ni sehemu ya kutuza iliyo ngumu zaidi.

Lugha ya tuzo

Mnamo Juni 1962, Makerere iliandaa kongamano maarufu la waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza. Mwezi huohuo Shaaban Robert alifariki dunia. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, aliukumbusha ulimwengu wa wasomi kuwa mwandishi huyo mkubwa wa Kiswahili hakuwa na sifa ya kualikwa, kwa kuwa mlango wa kongamano ulikuwa ni lugha. Hakuwa msanii asiyejulikana. Alikuwa amekwisha kupewa tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi wake. Lakini tuzo hiyo haikumfungulia mlango wa Makerere.

Tofauti kati ya hali yake na ya Ntiro inafundisha. Wote wawili walizaliwa Tanganyika, na wote wawili walichota katika kisima cha masimulizi ya watu wao. Picha ya Ntiro haikuhitaji mkalimani ili iingie London na New York. Utenzi ulimhitaji. Kwa hiyo katika kilima kimoja cha Kampala msanii wa rangi aliweza kusherehekewa bila ya kuihama lugha yake ya ndani, ilhali msanii wa maneno alitakiwa kwanza abadilishe ulimi. Hili ndilo jambo ambalo historia ya shule ya sanaa inaweza kuifunza historia ya fasihi. Kigezo cha ubora hakikuwa kimoja katika chuo kimoja.

Haimaanishi kwamba Kiswahili hakikuwa na mashindano yake. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, iliendesha mashindano ya uandishi wa hadithi, na Muhammad Said Abdulla aliyashinda yale ya mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Tuzo hiyo ilizaa matokeo ya kudumu. Ilimtambulisha Bwana Msa kwa wasomaji na kufungua njia ya riwaya ya upelelezi katika Kiswahili. Jambo la kuzingatia ni kwamba zawadi hiyo ilifuatwa na uchapishaji. Bila ya kitabu, ushindi wa Abdulla ungebaki kuwa mstari mmoja katika faili. Kama picha za Slade zilivyopata ghala, riwaya hii ilipata wasomaji.

Rebeka Njau, aliyekuwa mke wa Elimo, anaiunganisha mikondo hii miwili. Tamthilia yake The Scar ilichapishwa mwaka 1963, na mswada wa riwaya yake ulipata tuzo ya Kamati ya Uandishi ya Afrika Mashariki mwaka 1964. Alisubiri hadi mwaka 1975 ndipo riwaya yake Ripples in the Pool ikatoka. Tuzo inaweza kuja mapema na utunzaji ukachelewa, na gharama ya kuchelewa huko hulipwa na mwandishi peke yake.

Majina yasiyosomwa

Matini yoyote ya kusifu ina upande wake wa kimya. Rosemary Karuga, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1928, alikuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, kati ya mwaka 1950 na 1952. Historia ya wanaume wa rika lake ni ya safari za London, maonyesho na vyeo. Yake ilikuwa ya kurudi Kenya, kufundisha shule na kulea familia. Aliirudia sanaa kwa nguvu baada ya miongo mitatu, katika miaka ya 1980. Rangi zilikuwa ghali, naye akaanza kutengeneza picha kwa kubandika vipande vya karatasi za kufungia bidhaa za dukani, kama vile sabuni na unga. Mwaka 1990 kazi zake zilikuwa miongoni mwa zile za wasanii wa Kiafrika zilizoonyeshwa katika Studio Museum ya Harlem, New York. Alifariki mwaka 2021.

Mfano huu haupaswi kusomwa kama hadithi ya subira iliyovuta heri. Usomaji wa namna hiyo ungeifariji taasisi na kumnyima Karuga haki yake. Swali ni miongo ile mitatu ilikwenda wapi. Slade, mama wa shule ya Makerere, ilikuwa imewapokea wanawake tangu mwaka 1871, na shule ya Makerere yenyewe iliasisiwa na mwanamke. Hata hivyo mkondo wa ufadhili uliowabeba Maloba na Ntiro haukumbeba yeye. Kanuni ya kupokea haikufuatwa na kanuni ya kuendeleza. Hapa pengo kati ya kutuza na kutunza linaonekana waziwazi.

Kizazi kilichofuata kilipata hali tofauti kiasi. Theresa Musoke wa Uganda alihitimu Makerere katika miaka ya 1960, wakati shule ilipoongozwa na Cecil Todd aliyemrithi Trowell, akaendelea na masomo katika Royal College of Art ya London na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Njia ya wanawake ilikuwa imefunguka. Lakini nchi aliyoirudia iliingia katika utawala wa Idi Amin mwaka 1971, wasomi na wasanii wengi wakakimbia, naye akahamia Kenya ambako aliishi, akachora na kufundisha kwa takriban miongo miwili. Mwanafunzi anaweza kufadhiliwa vizuri na shule yake, akarudi akakuta kuwa hakuna dola ya kumpokea. Mti wa tuzo huhitaji udongo, na udongo huo hautolewi na jopo la waamuzi.

Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha mambo matatu. La kwanza, tuzo za wanafunzi wa sanaa zilijengwa juu ya masimulizi, kuanzia mada za Slade hadi visa vya baraza ya Trowell. Kwa hiyo zinaihusu taaluma ya fasihi moja kwa moja. Mhakiki wa Kiswahili anayo zana za kuzichambulia picha za Makerere: fomula, urudiaji, hadhira, na uhusiano wa msimulizi na jadi. Ni kazi ambayo ingepaswa kuwashughulisha wanafunzi wa uzamili wa idara za Kiswahili na za sanaa kwa pamoja.

La pili, nia ya mfadhili haiamui kazi ya mfadhiliwa. Maloba, Ntiro na Njau walipokea fadhila zilizotoka katika himaya, wakazigeuza kuwa sanamu ya uhuru, mashamba ya Uchagga na Kristo wa Murang'a. Nadharia inayomwona msanii aliyefadhiliwa kuwa ni kibaraka tu inashindwa kuzieleza kazi hizo.

La tatu, na ambalo lina uzito kwa taasisi za leo, ni kwamba sherehe ndiyo sehemu rahisi. Kusoma majina huchukua saa moja. Kuihifadhi picha, kuuchapisha mswada, kumwajiri mhitimu, kumfuata mwanamke aliyerudi kijijini na kumuuliza anahitaji nini ili aendelee kuchora, hizo ni kazi za miaka. Msamiati wa Kiswahili uliviweka vitendo hivi viwili karibu karibu, na katika taarabu bado husemwa kwa neno moja. Shule inayotuza bila ya kutunza imepiga makofi na kuondoka ukumbini kabla ya mwimbaji kumaliza ubeti wa kwanza.